Kiserema na Ngwe: Zana za Kilimo za Pwani na Majina Yake katika Makumbusho Madogo

Makala haya yanahusu zana za kilimo, na hasa majina yake. Kwa muda wa miaka kadhaa nimekuwa mhifadhi wa makumbusho madogo ya kilimo upande wa kaskazini wa pwani ya Kenya. Ni nyumba ya vyumba viwili na ua mmoja, na ndani yake yamekusanywa majembe, miundu, vinu, michi, nyungo, vikapu na vipimo vya nafaka vilivyotumika katika mashamba yaliyo kati ya Takaungu na Mambrui. Kabla ya hapo kazi yangu ilikuwa kufundisha lugha, na niliingia katika uhifadhi nikidhani kwamba nimeiacha lugha nyuma. Nia yangu hapa ni kuonyesha jinsi nilivyokosea. Anayehifadhi vitu vya namna hii hana budi kuwa mwanafunzi wa msamiati, kwani asipokuwa hivyo vitu vyenyewe vitawaambia watazamaji uwongo, naye atakuwa ndiye aliyeuandika.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Katika daftari la orodha nililolirithi kulikuwa na kitu kilichoandikwa "jembe dogo, la mtoto". Kilikuwa kipande cha chuma kisichozidi upana wa vidole vitatu, kimetiwa mpini mrefu wa kawaida. Sikuuliza kwa nini jembe la mtoto liwe na mpini wa mtu mzima. Nilinakili maneno yale katika kibandiko, nikakitundika kitu ukutani, na kwa zaidi ya mwaka mmoja watoto wa shule walipita mbele yake wakifurahi kwamba wenzao wa zamani nao walikuwa na majembe yao. Kisha akaja bibi mmoja aliyelima maisha yake yote, ameongozana na wajukuu. Mjukuu mmoja akamsomea kibandiko. Bibi akacheka, akaniita.

"Mwanangu, ni nani aliyekwambia hili ni la mtoto? Hiki ni kiserema."

Nilipomwomba anieleze, aliingiza mkono katika uwazi wa kabati, akapitisha kidole kwenye ukingo wa chuma. Jembe hili, alisema, lilikuwa kubwa kama yale mengine. Limelimiwa mpaka limekwisha. Limeliwa na mchanga. Mwenye kiserema ni mtu ambaye hana fedha ya kununua jembe jipya, au ambaye hakupewa jembe jipya.

Neno lenyewe limo katika kamusi, na maana yake ni ile ile aliyoitaja bibi: jembe kuukuu lililochakaa. Kamusi nilikuwa nayo mezani. Sikuifungua kwa sababu nilidhani jembe ni kitu kinachojulikana. Tazama basi tofauti iliyopo baina ya majina hayo mawili. "Jembe dogo la mtoto" huleta picha ya mtoto anayejifunza kazi kwa furaha kando ya mama yake. "Kiserema" ni hesabu ya miaka. Chuma kilichopungua kimo ardhini, kimeachwa huko chembe kwa chembe na mikono ya mtu mzima, msimu baada ya msimu. Kitu ni kile kile, lakini historia zake ni mbili, na moja kati yao ni ya uwongo.

Tangu siku hiyo nililipitia daftari lote upya. Sitaki kumchosha msomaji kwa kueleza kazi ya kila siku ya mahali kama hapa, maana ni kazi ya kupigana na kutu, mchwa na upepo wa chumvi, na ushindi wake haudumu. Chuma hufutwa na kupakwa mafuta. Miti huanikwa, huvukizwa, hukaguliwa tundu kwa tundu. Vikapu vya ukindu hufunikwa visiliwe na panya. Mhifadhi aliye peke yake hufanya kazi hizo asubuhi, na mchana huwa mwongoza wageni, karani na bawabu. Daftari hungoja usiku. Lakini ni katika daftari hilo ndimo nilimoona jambo ambalo naliona kuwa kubwa zaidi kuliko kutu.

Vitu vingi tulivyo navyo vililetwa na jamaa za waliokuwa wenye mashamba. Jambo hili si la ajabu. Nyumba ya mawe yenye ghala huhifadhi vitu kwa vizazi vitatu au vinne. Kibanda cha makuti hakihifadhi kitu. Kwa hiyo tuna vipimo vya nafaka vingi na vizuri mno: kibaba, kisaga ambacho ni vibaba viwili, na pishi ambayo ni vibaba vinne, vyote vya mti uliochongwa kwa ustadi, vingine vimepigwa pete za shaba. Tuna mizani ya frasila. Tungekuwa na jizla pia kama jizla ingekuwa chombo, lakini ni hesabu tu, pishi 60. Majembe yaliyotumika kupata nafaka iliyopimwa katika vyombo hivyo ni machache, na kiserema ni kimoja. Zana ya mtumwa haikuwa mali ya mtumwa, wala mwenye mali hakuwa na haja ya kukitunza chuma kilichokwisha.

Hata vipimo vyenyewe havisemi kila kitu bila lugha. Zipo namna mbili za kujaza kibaba: kibaba cha tele, ambacho nafaka hupanda juu ya mdomo wa chombo kama kichuguu, na kibaba cha mfuto, ambacho hupitishwa ubao juu yake hata kikawa sawasawa. Chombo ni kimoja. Aliyepokea nafaka kwa tele na kuitoa kwa mfuto alipata faida ambayo hakuna kipimo kitakachoionyesha ndani ya kabati la kioo. Niliongeza maneno hayo mawili katika kibandiko, na nimeona kwamba wageni wakulima husimama hapo muda mrefu zaidi kuliko mbele ya pete za shaba.

Ili yaliyosalia yaeleweke, yafaa tukumbushane kwa ufupi historia ya mashamba haya. Malindi, bandari iliyompokea Vasco da Gama mwaka 1498, ilididimia baadaye hata ikawa magofu na msitu. Ilifufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1860, katika enzi ya Sayyid Majid bin Said wa Unguja, kwa kufunguliwa mashamba ya nafaka. Ardhi ya nyuma ya Malindi na Mambrui ilikuwa na rutuba, na baada ya miaka michache tu majahazi yalikuwa yakipakia hapo mtama na ufuta kwenda Unguja na Arabuni. Wenye mashamba walikuwa Waarabu na Waswahili. Waliolima walikuwa watumwa, wengi wao wakitoka pande za Ziwa Nyasa, wakipitia Kilwa. Mwaka 1873 Sayyid Barghash alilazimishwa na Waingereza kutia sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa baharini; misafara ikahamia nchi kavu, ikapita pwani kwa miguu, mpaka nayo ikapigwa marufuku mwaka 1876. Hata hivyo utumwa wenyewe ulibaki halali. Unguja ulifutwa kisheria mwaka 1897. Katika pwani ya Kenya haukufutwa hata mwaka 1907, miaka 12 baada ya nchi kutangazwa kuwa himaya ya Uingereza. Fidia ililipwa kwa mabwana. Yote hayo yameelezwa kwa kirefu katika vitabu vya Frederick Cooper vya 1977 na 1980, na sina haja ya kuyarudia. Linalonihusu hapa ni jinsi historia hiyo ilivyojificha katika maneno.

Tuchukue neno ngwe. Msomaji wa leo, hasa aliyezoea magazeti ya Tanzania, hulijua kwa maana ya awamu au muhula: kiongozi huingia katika ngwe yake ya pili, mkimbiaji humaliza ngwe ya mwisho. Ni neno la heshima, lenye harufu ya ushindi. Ndugu yake ni ugwe, yaani uzi au kamba nyembamba. Kamusi za zamani hutupa kiungo kilichopotea: ngwe ni kipande cha shamba kilichopimwa kwa kamba, akapewa mlimaji kukilima. Katika mashamba ya nafaka kazi iligawanywa hivyo. Msimamizi alikuwa mkuu wa wafanya kazi. Chini yake alikuwapo nokoa, na chini ya nokoa, kadamu. Kamba ilinyoshwa, pima zikahesabiwa, kila mtu akasimama mwanzoni mwa ngwe yake na jembe lake. Aliyemaliza ngwe alikuwa amemaliza siku. Asiyeimaliza alijulikana, kwani ngwe zilikuwa bega kwa bega, na nyasi zilizosalia katika moja zilionekana na wote.

Msimamizi bado yupo katika kila ofisi. Nokoa na kadamu wamesahauliwa kabisa. Nimewauliza wanafunzi wengi, wa pwani na wa bara, na sijampata aliyewajua. Ngwe nayo imehama kutoka konde la mtumwa hadi kiti cha mtawala, na njiani imepoteza kamba.

Halikuhama peke yake. Mtoro siku hizi ni mwanafunzi asiyehudhuria masomo. Katika karne ya 19 watoro walikuwa watu waliovunja minyororo ya mashamba hayo hayo wakajenga vijiji vyao msituni, Fuladoyo kikiwa mojawapo, na wengine wakakimbilia misheni ya Rabai. Mwaka 1888 walipatikana Rabai watoro wengi hata Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ikaona heri kuwalipa mabwana wao kuliko kuwarudisha. Waliopewa hati za uhuru mwanzoni mwa 1889 walizidi 1,400. Mjinga, ambaye leo ni mtu asiye na akili au maarifa, kamusi za kale zamwonyesha pia kuwa mtumwa mgeni aliyefika karibuni, asiyejua bado lugha wala desturi za pwani. Kinyume chake alikuwa mzalia, aliyezaliwa papa hapa. Nadhani twapaswa kutulia kidogo mbele ya neno hili. Mtu aliyejua kulima, kufua chuma, kutambika na kuhesabu nyota za kwao aliitwa mjinga kwa sababu hakujua Kiswahili. Sisi walimu wa Kiswahili tumelirithi tusi lake bila kuuliza lilitoka wapi.

Kibarua ni mfano mwingine. Ni kibarua kwa sababu ni barua ndogo: kikaratasi alichopewa mfanya kazi wa siku kuwa ushahidi wa malipo yake. Baadaye jina la karatasi likamwangukia mwenye kuishika. Katika miji ya pwani vibarua wengi wa karne ile walikuwa watumwa waliotumwa na mabwana wao kutafuta ujira, ambao sehemu yake ilirudi kwa bwana. Leo mtu akipoteza kazi twasema kibarua chake kimeota nyasi, na ni msemo mzuri, maana kwa mlimaji wa ngwe nyasi ndizo zilizokuwa hukumu. Sidai kwamba msemo huo ulizaliwa katika ngwe. Nasema tu kwamba ningependa kumwona mtaalamu mmoja akiufuatilia.

Kisha likaja kipande. Chini ya sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika mtu mzima nchini Kenya alitakiwa kuchukua cheti cha kuandikishwa, na cheti hicho kiliingia katika kisanduku kidogo cha bati kilichovaliwa shingoni. Nacho kiliitwa kipande. Tunacho kisanduku kimoja katika makumbusho. Wageni hukitambua upesi, kwani historia ya kipande imefundishwa shuleni na hasira yake ni hasira ya taifa zima. Hakuna aonaye haya kusema kwamba babu yake alivaa kipande. Ngwe si hivyo, na hapo ndipo nilipokutana na tatizo ambalo kamusi haikunisaidia.

Nilitaka makumbusho yawe na ngwe. Kamba ya zama zile haipo, wala haiwezi kuwapo. Usumba wa nazi hauvumilii miaka mia katika hewa ya pwani. Lakini yuko mzee mmoja katika kijiji cha jirani anayesokota kamba kwa mkono, naye alikuwa ameiona kamba ya kupimia kwa baba yake, katika miaka ambayo watu waliendelea kulima ardhi ya wenyewe kwa mapatano. Nilimwomba anisokotee moja. Akaisokota vizuri sana, akatia kifundo kila pima. Niliitundika chini ya dirisha, karibu na pishi na mizani, nikaandika: "Ngwe. Kamba ya kupimia sehemu ya shamba aliyopewa mtumwa kulima kwa siku moja. Sehemu hiyo nayo iliitwa ngwe."

Malalamiko yalikuja kutoka pande mbili. Upande wa kwanza niliutazamia. Jamaa mmoja wa nyumba iliyotupa vipimo alifika akiwa na adabu nyingi na uso mzito. Alisema kwamba wazee wao waliishi na watu wao kama jamaa. Kwamba siku mbili za juma, Alhamisi na Ijumaa, watu hao walijilimia makonde yao wenyewe. Kwamba neno hili moja litafunika mema yote. Nilimjibu kwamba habari ya siku mbili ni kweli, na niko tayari kuiandika, lakini mwenye siku mbili za kwake hutambulikana kwa sababu tano si zake. Tuliagana bila kugombana. Vipimo hakuvichukua.

Upande wa pili ulikuwa ni mzee aliyesokota kamba.

"Bwana mwalimu," alisema, "andika kamba. Andika kamba ya shamba, basi. Sisi tuna wajukuu shuleni."

Sikumwelewa mara moja, na nilipomwelewa niliona aibu. Baada ya 1907 watu waliokombolewa hawakutoweka. Wengi walibaki pale pale, wakalima ardhi ile ile. Wengine walijiunga na majirani zao, Waswahili na Wamijikenda, wakaoa na kuolewa, wakachukua majina na koo. Kusahau ilikuwa kazi yao ya pili ya ujenzi, na waliifanya kwa bidii. Ukija na kibandiko chako ukatangaza kwamba katika kijiji hiki watu walipimiwa ngwe, watoto watarudi nyumbani na swali, na swali hilo litaanza kuchagua nyumba kwa nyumba.

Tena jambo hili si la heshima peke yake. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwaandikia mashamba ya mwambao wale walioweza kuleta madai na ushahidi wao mbele ya maofisa. Waliolima bila karatasi, wawe wazao wa watumwa au Wagiriama waliokuwa wakitelemka kutoka bara, walijikuta wageni katika ardhi waliyoifyeka. Lugha ikawapatia jina jipya, maskwota, neno lililokopwa pamoja na sheria yake. Mwaka 1914, Wagiriama walipotakiwa wahame kaskazini ya mto Sabaki na watoe vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, walipigana. Jina la Mekatilili wa Menza latajwa leo kwa fahari, na ni haki. Lakini mzao wa mtumwa hana Mekatilili wa kumtaja. Madai yake juu ya ardhi, kama anayo, yamesimama juu ya jembe: kwamba wazee wake ndio walioilima. Nalo jembe hilo halisemi jina la aliyelishika. Kwa hiyo mtu huyo yuko katika dhiki ya ajabu. Neno ngwe ni aibu yake, na huenda likawa ndilo shahidi wake.

Nilimweleza mzee hayo kama nilivyoweza. Alisikiliza, akasema kwamba yeye si mtu wa mahakama.

Kibandiko nilikiondoa. Kwa miezi mitatu kamba ilining'inia bila jina, nami nikafanya kazi nyingine. Naomba niitaje kazi hiyo, kwa sababu ndiyo iliyonirudisha kwenye ngwe kwa njia nyingine. Niligundua kwamba vibandiko vyetu vyote vilikuwa vya majina, na kwamba kilimo hakimo katika majina. Kinu chetu kiliandikwa "kinu". Lakini mwanamke aliyesimama mbele ya kinu hakuwa na kazi moja. Alikuwa akikoboa, yaani akiondoa maganda. Kisha akipwaya, yaani akiutwanga mchele mara ya pili uwe safi. Na akitaka unga, akitwanga hasa. Baina ya hatua hizo alipeta kwa ungo na kupembua. Siku hizi ukimwambia mwanafunzi neno kupwaya, atakuambia ni shati pana. Kinu kimebaki katika kioo, kupwaya kumekwenda na mashine ya kukoboa mpunga.

Vivyo hivyo shambani. Kufyeka si kukwatua, na kukwatua si kutifua. Kupalilia ni kazi ya mimea iliyokwisha kuota. Wakati wake haukukisiwa kwa kutazama mawingu tu. Wakulima wa pwani, kama mabaharia, walikuwa na mwaka wa jua ulioanza siku ya Nairuzi, nao waliuhesabu kwa miongo, yaani kwa makumi ya siku. Miongo 36 na siku tano zilitimiza mwaka. Mzee aliyejua hesabu hiyo alisema mbegu fulani itiwe katika mwongo fulani kabla ya mvua ya mwaka, na watu walimsikia. Hesabu ya miongo haina chombo. Siwezi kuitundika.

Na kuamia. Mtama ukikaribia kukomaa, ndege huja kwa maelfu, na mtu asipoamia hana mavuno. Walioamia walikuwa watoto na wanawake, wamekaa juu ya dungu kuanzia alfajiri, wakirusha mawe kwa kombeo na teo, wakipiga makopo na kuimba. Yule bibi wa kiserema aliamia utotoni. Nilimwendea kwake na daftari, akanieleza jinsi dungu linavyojengwa: nguzo nne, sakafu ya fito, paa dogo la makuti upande wa jua tu, kwa sababu upande mwingine unahitaji kuona. Alinieleza na kazi ya mama yake na ya nyanya yake. Katika kueleza, bila mimi kumwuliza, akatamka neno. Alisema nyanya yake alikuwa hodari, "alikuwa akimaliza ngwe yake kabla ya adhuhuri, kisha akamsaidia mwenziwe ya kwake."

Wajukuu walikuwapo, wamekaa mkekani. Hakuna aliyeshtuka. Neno lilipita katikati yao likiwa na maana nyingine kabisa na ile niliyokuwa nimeiandika mimi. Mimi nilikuwa nimeandika ngwe ya msimamizi: kilichopimwa, nani alipimiwa, kwa amri ya nani. Bibi alisema ngwe ya mlimaji: iliyomalizwa, na iliyomalizwa pamoja na ya mwenzake. Maana zote mbili ni kweli. Kamusi imeweka ya kwanza, na bila ya pili kamusi haijamaliza kazi.

Nilirudi kwa yule mzee nikamsomea maelezo mapya, sentensi kwa sentensi. Utumwa umetajwa, pamoja na mwaka 1907; kijiji hakikutajwa, wala kabila, wala ukoo. Imeelezwa kwamba watu waliendelea kupima na kulima kwa ngwe baada ya mwaka huo, wakiwa huru. Imetajwa desturi ya kumsaidia mwenzako aliyebaki nyuma. Na mwisho imetajwa maana ya leo ya muhula na awamu, ili msomaji aone neno limetoka wapi. Mzee alitaka sentensi moja ibadilishwe. Nilikuwa nimeandika "mtumwa alipimiwa". Yeye alitaka "watu walipimiwa walipokuwa utumwani". Kisarufi tofauti ni ndogo. Niliibadilisha palepale.

Alikuwa na sharti jingine, kwamba kamba isikae pamoja na pishi na mizani. Sasa imetundikwa katika chumba cha pili, juu ya kiserema, na kibandiko cha kiserema nacho kimeandikwa upya kwa maneno ya bibi. Yule jamaa wa nyumba ya vipimo alikuja akavisoma vyote viwili, akaniuliza habari ya siku mbili za juma iko wapi. Nilimwonyesha mstari wa nne.

Kinachongojewa sasa ni dungu. Nguzo zimekwisha kupatikana, na bibi ameahidi kuja kusimamia ujenzi uani kabla ya mvua ya mwaka, mradi tusilielekeze paa upande usiofaa.